Darasa langu liko darini, mume wangu yuko chini

Somo yangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye feri, natoka kazini narudi Likoni, na kioo cha simu yangu kina ufa. Ukikuta neno limekatika nisamehe.

Mimi ni mke wa miaka 39, mama wa watoto watatu, na ni afisa wa afya ya umma katika mojawapo ya kaunti ndogo za hapa Mombasa. Jina lake silitaji, maana huku sote twajuana. Kazi yangu ni kukagua mikahawa na vibanda vya chakula, visima na vyoo, kukimbilia kila panaponong'onwa kipindupindu, na kuwasimamia wahamasishaji wa afya ya jamii. Mtaani naitwa Bibi Afya. Wenye vibanda wakiniona kwa mbali hufunika mahamri kwanza, kisha ndio wanaitikia salamu.

Mwaka jana niliona tangazo la mafunzo ya mtandaoni kwa viongozi wa afya ya umma na maendeleo endelevu, ya chuo kimoja cha Marekani, miezi tisa. Niliomba kujaribu bahati tu, nikakubaliwa, tena kwa ufadhili. Ila ufadhili si wote. Iliyobaki juu yangu ni dola 600 kwa awamu tatu, yaani kama shilingi 26,000 kila awamu. Tulianza Septemba. Darasani mna daktari kutoka Nepal, mhandisi wa maji kutoka Ghana, na mimi.

Vipindi ni Jumanne na Alhamisi. Mwanzoni vilikuwa saa mbili hadi saa nne usiku, kwa walimu ikiwa mchana. Novemba wakarudisha saa zao nyuma huko kwao, kwetu darasa likasogea saa tatu hadi saa tano. Mtandao nyumbani hushika vizuri darini tu, panapoanikwa nguo. Kwa hivyo usiku hupanda na ndoo, naipindua, nakaa juu yake katikati ya kanga za majirani. Wanasema nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini mimi bando huniishia mwalimu akiwa katikati ya sentensi.

Usiku mmoja tulikuwa tunazungumzia Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 ya Umoja wa Mataifa ya 2015 yanayotakiwa kutimizwa kufikia 2030. Zamu yangu ya kueleza lengo la 6, la maji safi kwa wote. Nimefungua mdomo tu, chini barabarani jirani yangu akaanza kugombana na mwenye mkokoteni juu ya bei ya mtungi wa lita ishirini, matusi ya nguoni. Darasa zima likasikia. Nikazima maiki, uso umeniwaka. Mpaka leo sijui nilikuwa naona aibu kwa niaba ya nani.

Nisiseme sana. Kozi yenyewe naipenda. Tulipewa kazi ya kutafuta mahali ambapo malengo mawili yanagongana, nikachagua mapipa. Watu wanahifadhi maji kwa sababu mfereji hautoi kila siku, na katika maji hayo ndimo anamozaa yule mbu wa homa za dengue na chikungunya, anayeuma mchana, ambaye chandarua cha usiku hakimzuii. Nilizunguka nyumba arubaini na mhamasishaji mmoja, mama mtu mzima anayejua kila mlango. Kwa bibi mmoja nikawasha tochi ya simu ndani ya pipa, viluwiluwi wakazama wote pamoja kama watoto waliosikia mwalimu anakuja. Bibi akasema, "Hao ni wadudu wa maji tu, maji yenye uhai ndiyo matamu." Nikamweleza kwamba mayai hunata kwenye ukuta wa pipa juu ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi, yakipata maji yanaanguliwa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, sharti kusugua. Hakunijibu. Alikwenda akaleta kumbi la nazi, akapanda juu ya kigoda, akasugua mwenyewe.

Sasa taabu yangu. Mume wangu ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Makontena yalipoanza kupakiwa reli moja kwa moja kwenda bara, kazi yao ilipungua, siku hizi huitwa siku tatu kwa wiki, mara nyingine mbili. Hajawahi kunikataza kusoma. Lakini tangu darasa lisogee saa tatu, hasemi. Jumamosi hubeba mitungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, anapanda nayo ngazi, anajaza pipa letu, anatoka barazani. Wiki iliyopita aliniambia, "Nyumba hii ina mgeni kila Jumanne na Alhamisi, na mgeni ni wewe." Mavyaa, tunayekaa naye, yeye husema wazi: mwanawe anakula kiporo ilhali ana mke.

Kazini nako bosi wangu aliposikia alicheka mbele ya watu: "Vyeti vya simu havipandishi mtu cheo."

Na hili sijamwambia mtu, Somo. Awamu ya kwanza nililipa kwa mshahara. Ya pili nilikopa kwenye chama chetu cha kina mama, nikasema ni karo ya kijana wangu wa sekondari. Mume hajui nimekopa, kina mama hawajui nimekopea nini. Awamu ya tatu ni mwisho wa Februari. Na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Cheti hawakupi kama hukuhudhuria vipindi vinane kati ya kila kumi. Wameniruhusu kuahirisha mara moja, nijiunge na kundi la Septemba, lakini nijibu kabla ya Januari kwisha.

Niache, niahirishe, au nikaze kanga?

Bibi Afya, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza kwa pupa, kama ulivyoiandika. Ya pili na kalamu mkononi, nikapiga mistari mahali ambapo nadhani wewe ulipita mbio.

Umeniuliza kuhusu kozi. Ninachokiona ni mwanamke aliyebeba kitu anachokipenda kwa siri nusu, kama aliyeficha mkufu kwenye mtungi wa unga, na sasa kila anayeingia jikoni anamtia wasiwasi. Saa zinabana, kweli. Pesa zinabana. Lakini nikijiuliza kama kozi hii ingekuwa bure na mchana, je, ungeniandikia? Labda ungeandika barua fupi zaidi. Sehemu ya mkopo umeiweka mwisho kabisa, baada ya bosi na baada ya mavyaa, na ndiyo peke yake uliyoitanguliza kwa "sijamwambia mtu."

Nianze na mumeo. Unasema hasemi, kisha unanipa maneno yake ambayo mimi, kwa umri wangu, nayaona ni maneno mengi sana. Mtu asiyetaka mkewe asome husema "acha." Yeye amesema kuna mgeni nyumbani. Mgeni hafukuzwi, mgeni hukaribishwa, na mwenye nyumba huona uchungu mgeni asipokaa. Yawezekana nimemkadiria vizuri kupita kiasi, simjui. Yawezekana pia kuna jingine chini yake: bwana aliyezoea kurudi na mshahara kamili, sasa yuko nyumbani siku nne, anamwona mke anapanda ngazi usiku kwenda kufundishwa uongozi na watu wa ng'ambo. Neno hilo "uongozi" huenda yeye analisikia vingine. Umewahi kumwambia mnafunzwa nini huko juu? Si jina la kozi. Ile habari ya viluwiluwi waliozama kama watoto. Mimi umenichekesha peke yangu sebuleni, na yeye ambaye ni mumeo sijui kama ameisikia.

Hata hivyo usinisikie nasema kosa ni lako. Kuna waume ambao hata ukiwasimulia hadithi zote za Alfu Lela u Lela watauliza chakula kiko wapi. Wewe ndiwe unayejua ni yupi kati ya hao aliyebeba mitungi ya maji kupanda ngazi Jumamosi iliyopita.

Bosi nitampitia haraka. Alikuwa hana adabu kukucheka mbele ya watu, ila ndani ya kicheko chake kuna punje ya kweli ambayo usiitupe. Katika utumishi wa umma, kupanda ngazi fulani mara nyingi hudai kozi zinazotambuliwa, kama zile za usimamizi za KSG, chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wa umma, ambacho kina tawi hapa hapa Mombasa. Cheti cha chuo cha nje, hata kiwe kizuri vipi, huenda kikawekwa faili kikalala. Kwa hivyo kabla ya kutuma dola nyingine, andika barua mbili. Moja kwa ofisi ya wafanyakazi uulize kama kozi hii inahesabiwa, na jibu ulitake kwa maandishi. Nyingine kwa baraza linalowapa leseni, uulize kama saa hizo za darasani zinaingia katika alama za mafunzo endelevu. Jibu likiwa "hapana" si lazima uache. Lakini utakuwa unasoma ukijua unasomea nini, na hilo hubadilisha hata sauti utakayomwambia nayo mumeo.

Maana hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole: cheti hiki ni cha nini? Katika barua yako yote sikuona mahali ulipoandika unataka cheo. Umeandika pipa. Umempa yule bibi mistari mingi kuliko uliyompa bosi wako. Mimi mwisho wa 2017 kuingia 2018, chikungunya ilipotupitia mji huu, nilikaa wiki kadhaa siwezi kufungua kifuniko cha chupa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujipinda kwa maumivu, na wallahi walilipatia. Dengue nayo wazee wa pwani walikuwa na jina lake, kidingapopo, tangu karne ya 19, kabla hata mfereji haujafika mji huu. Katika miaka yote hii nimepuliziwa dawa ukumbini, nimepewa vyandarua, na kwenye redio nimeambiwa nisiache maji yatuame. Hakuna aliyewahi kuniambia nisugue ukuta wa pipa. Nimejua leo, kwa barua yako. Kama hiyo ndiyo kozi, basi tayari imekwisha kukupa kitu ambacho hakuna wa kukupokonya, ulipe awamu ya tatu au usilipe.

Swali moja dogo hapo. Yule mama mhamasishaji aliyekufungulia milango arubaini, jina lake litakuwa kwenye kazi yako ya kuhitimu? Nauliza tu.

Sasa tuziangalie njia zako, kila moja ina mwiba wake.

Ukiacha, usiku wako unarudi, na Ramadhani utaipokea na moyo uliotulia. Lakini kuacha hakulipi chama. Mkopo utabaki, na utakuwa unalipa kitu usichokimaliza, tena bado kwa siri. Nimewaona watu wakiacha jambo kwa ajili ya amani ya nyumba, kisha wakakaa miaka wakiidai nyumba hiyo amani waliyoinunua. Wapo pia walioacha wakapumua, wasigeuke nyuma. Elimu ipo njia nyingine nyingi: Shirika la Afya Duniani lilifungua kozi za bure mtandaoni mwaka 2017, OpenWHO, na maafisa wengi wamezitumia. Ubaya wa za bure ni kwamba hakuna Mghana anayekungoja Jumanne, na wanaoanza ni wengi, wanaofika mwisho ni wachache.

Ukiahirisha hadi Septemba, unapata miezi minane ya kulipa chama na kuweka akiba ya awamu ya tatu. Inapendeza ukiisema. Lakini ulizia mambo mawili kabla hujatia sahihi: ufadhili wako utahama nawe au utaanza upya? Na kazi uliyokwisha kuifanya itahesabiwa? Tena jiulize wewe mwenyewe: Septemba kuna nini ambacho Januari hakuna? Mume atakuwa amezungumza? Mtandao utashuka kutoka darini? Mwaka ujao nao una Ramadhani yake.

Ukikaza, kuna hesabu moja ambayo sidhani umeifanya, kwa sababu hukuitaja. Saa za Marekani zitasogea mbele tena Machi, Jumapili ya pili, na darasa lako litarudi saa mbili usiku. Huenda ulikuwa ukiisubiri kwa hamu. Lakini saa mbili usiku mwezi huo ni tarawehe, na tutakuwa tunaingia kumi la mwisho. Saa tatu inayokuchosha sasa ndiyo ingekufaa wakati huo. Kwa hivyo ukiendelea, usingoje mpaka siku yenyewe. Waandikie walimu sasa, uwaeleze Ramadhani ni lini, futari inapikwa na nani, na uombe vipindi hivyo uvifuate kwa rekodi bila kukatwa mahudhurio. Chuo kinachofundisha watu wa dunia nzima kitakuwa kimewahi kupata barua kama hiyo. Kikiwa hakijapata, wewe ndiwe unayewafundisha. Barua hiyo hiyo inaweza kuomba awamu ya tatu igawanywe mara mbili. Wakikataa, umejua mapema.

Lakini zote tatu, mwanangu, zinapita kwenye mlango mmoja, na ni ule wa chama. Kamba hukatika pabovu, na pabovu pako ni hapo. Sikuhukumu, kina mama wengapi wamesema "karo" kwa sababu ndilo neno ambalo halina anayelihoji? Ninachohofia ni siku kijana wako atakapokutana na mmoja wa kina mama hao kwenye feri, amuulize "karo ilitosha?", naye ajibu "karo gani?" Likoni si kubwa. Habari itavuka maji kabla yako, na ikifika kwa mumeo haitakuwa habari ya kozi tena, wala ya pesa.

Kuna wanaopenda kuanza na mume, kuna wanaopenda kuanza na mweka hazina wa chama, mtu mmoja mwenye busara, kumwambia "lile neno nilikosea, pesa ni yangu ya masomo, ninalipa kama tulivyoandikiana." Kila mwanzo una hatari yake. Chama chaweza kukununia, hata kukunyima mkopo ujao. Mume aweza kuuliza ni kitu gani kingine hajaambiwa, na hilo swali litauma kwa sababu lina haki. Sijui yupi atangulie. Najua tu kwamba yeyote utakayemwambia, pumzi yako itakuwa ndefu zaidi ukikaa kwenye ile ndoo.

Na kuhusu mavyaa: kiporo. Mimi nami ni mavyaa wa watu wawili, na nakwambia siri ya jamii yetu. Tukilalamikia kiporo, mara nyingi tunalalamika kwamba hakuna anayekaa nasi tukila. Jaribu Jumatatu moja, siku isiyo na darasa, upike mbaazi za nazi ukae chini naye mpaka sahani iishe. Haitatatua kitu. Ila utasikia atakalosema pasipo haraka.

Niliwahi kumjua bibi mmoja, si wa mafunzo ya mtandao, ni wa kushona, aliyemaliza ugomvi wa namna hii kwa kumkalisha mumewe kando ya cherehani, amshikie kitambaa. Hakumwomba ruhusa, alimwomba mkono. Nimewaza: hedifoni zina masikio mawili. Jumanne moja ungeweza kumpa babake watoto moja, apande na ndoo yake, asikilize Mnepali anasema nini kuhusu maji ya milimani kwao. Pengine atasinzia. Pengine atataka kumwambia yule mhandisi wa Ghana jinsi mzigo unavyotolewa bandarini, na wewe ndiwe utakayetafsiri.

Barua yako haikuniambia jambo moja, na tangu jana linanitembea kichwani. Umewasugulisha watu mapipa nyumba arubaini. Na lile la kwenu, ambalo babake watoto hulijaza kila Jumamosi, mara ya mwisho lilisuguliwa lini, na nani?

Somo